Wauguzi wanachoambiana kuhusu familia yako mtoto akiwa mahututi

Mpanda. Karibu saa 2 usiku, wauguzi wa zamu ya jioni wanapokabidhi wodi kwa wenzao wa usiku, hupita mtoto mmoja baada ya mwingine wakisoma ripoti. Uzito wa leo. Maziwa aliyopewa kwa mpira. Joto. Oksijeni. Mara ngapi amesahau kupumua. Kisha, kwa sauti iliyoshuka kidogo, hufuata maneno ambayo hayana nafasi kwenye chati: mama yuko peke yake, baba hajaonekana tangu juzi, bibi anataka mtoto atolewe akatibiwe nyumbani.

Mama aliyekaa pembeni na mtoto wake kifuani husikia nusu ya maneno hayo. Nusu iliyobaki huijaza mwenyewe, na mara nyingi huijaza vibaya. “Wananisema.”

Huenda wanamsema kweli. Huenda pia wanafanya sehemu muhimu kabisa ya kazi yao usiku huo. Tatizo ni kwamba mambo hayo mawili hutoka katika mdomo mmoja, kwa sauti moja, ndani ya dakika zilezile tano, na mzazi hana namna ya kuyatofautisha.

Habari za familia ya mgonjwa aliye mahututi lazima zipite kutoka kwa mtumishi mmoja hadi mwingine. Hilo halina mjadala. Swali ambalo wazazi wana haki ya kuliuliza ni zipi zipite, kwa nani, na kwa maneno gani.

Mtoto hawezi kujieleza

Mtu mzima anayeumwa tumbo atasema lilianza lini na alikula nini. Mtoto njiti mwenye kilo 1 na robo hasemi, na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hasemi pia. Historia yake yote iko kwa ndugu zake. Ndiyo maana katika chumba cha wagonjwa mahututi, na katika wodi za watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu, familia ni sehemu ya faili.

Chukua mfano wa binti wa miaka 18 kutoka Mishamo, Wilaya ya Tanganyika. Ni mfano tu, hakuna mtu mmoja anayesemwa hapa. Amejifungua kabla ya wakati, mtoto yuko kwenye oksijeni. Mume wake yuko machimboni kutafuta dhahabu, simu yake inapatikana jioni anapopanda mahali penye mtandao. Aliyemsindikiza ni mama mkwe, bibi aliyeingia nchini akiwa msichana na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na ambaye hadi leo Kirundi ndicho anachokielewa vizuri.

Kila kipande cha habari hiyo kina kazi yake hospitalini.

Kundi la damu la mama likiwa O, au likiwa hasi, muuguzi wa usiku anapaswa kumwangalia mtoto kwa jicho la pekee siku za kwanza, kwa sababu manjano yanaweza kuanza mapema na kupanda haraka. Mama akiwa anaishi na virusi vya Ukimwi, mtoto anahitaji dawa kinga mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Zamu moja ikisahau kumwambia nyingine, kinachopotea ni saa za mtoto. Kama katika familia kuna watoto waliofariki wakiwa wadogo kwa “kuishiwa damu”, daktari atafikiria selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Mtoto mchanga mwenye selimundu haonyeshi dalili wiki za mwanzo, lakini historia ya familia inatosha kumfanya apimwe badala ya kusubiri aumwe.

Kuna na dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Wanawake wengi huzitumia na karibu wote huzificha, kwa kuwa aliyewahi kusema ukweli aligombezwa mbele ya wodi nzima. Muuguzi anayegomba anapata ushindi wa dakika moja. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa anasikiliza, hatasema kitu.

Na kuna mambo madogo yanayodharauliwa. Je, mama amekula? Mama wa njiti anatakiwa kukamua maziwa karibu kila baada ya saa 3, mchana na usiku. Asiyekula hawezi kuendelea hivyo kwa wiki mbili. Muuguzi wa asubuhi akigundua kwamba binti anakunywa uji mmoja kwa siku na hana hata shilingi, anatakiwa kumpasia habari hiyo afisa ustawi wa jamii wa hospitali na pia muuguzi wa jioni. Asipofanya hivyo, wa jioni ataandika tu kwamba maziwa yamepungua, na wa usiku atamwambia binti kwamba ni mvivu wa kukamua.

Katavi ni mkoa wa watu waliotoka sehemu nyingi. Ulianzishwa mwaka 2012 ukimegwa kutoka Rukwa, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1. Wapo Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, wapo wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia, na wapo maelfu ya familia za Katumba na Mishamo zenye asili ya Burundi, ambazo nyingi zilipewa uraia wa Tanzania. Katika wodi ya namna hiyo, mstari mmoja unaosema “bibi anaelewa Kirundi, tafuta mtu wa kumtafsiria” unaweza kuzuia mtoto kutoroshwa usiku. Bibi anayetaka mjukuu arudi nyumbani si lazima awe mkaidi. Inawezekana hakuna aliyemweleza lolote kwa lugha anayoielewa.

Neno moja linavyosafiri

Sasa upande wa pili.

Tuseme mama mkwe huyo ameuliza mara tatu kwa nini dripu imeacha kudondoka. Mara ya nne amepaza sauti. Muuguzi yuko peke yake na watoto wengi, mmoja wao anabadilika rangi. Zamu inapobadilishwa anasema, “Huyu wa kona, ndugu zake wasumbufu.” Basi. Hakudanganya, amechoka, na kesho atakuwa amesahau.

Ila wa usiku hakusahau. Anapita kitanda cha kona kwa haraka kidogo. Mama anapomwita, anamalizia kwanza kazi nyingine mbili. Asubuhi anakabidhi: “Hawa wasumbufu, kuweni makini.” Hadi siku ya tatu hakuna anayekumbuka kwamba yote yalianza na dripu iliyoziba. Neno limebaki, sababu imepotea.

Hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni 413. Walipewa kusoma maelezo ya mgonjwa mmoja wa kubuni, kijana wa miaka 28 mwenye selimundu aliyefika na maumivu makali. Ugonjwa ni uleule na vipimo ni vilevile. Tofauti ni kwamba baadhi walisoma maelezo yaliyoandikwa kwa maneno ya kawaida, na wengine maelezo yenye maneno ya kumtilia shaka na kumdharau. Waliosoma ya kumdharau walimwona vibaya zaidi, na walichagua kumtibu maumivu kwa nguvu ndogo zaidi.

Hao ni watu waliosoma karatasi tu, bila uchovu wa zamu ya saa 12 wala ndugu wanaogonga mlango.

Kuna namna nyingine ya kusema jambo lilelile: “Bibi ameuliza mara nne kuhusu dripu, hajajibiwa vizuri.” Sentensi hii inamwachia wa zamu mpya kazi ya kufanya. “Wasumbufu” inamwachia hasira tu. Mtumishi yeyote wa afya anayesoma ukurasa huu anaweza kujaribu tofauti hiyo usiku wa leo, haihitaji bajeti wala semina.

Ni haki pia kusema kwamba ndugu wakorofi wapo. Wapo wanaotukana, wapo wanaokuja wamelewa, wapo wanaotishia kupiga. Muuguzi anayeingia zamu anastahili kujua kwamba jana baba wa mtoto fulani alimshika mwenzake shati. Hilo ni suala la usalama, na linatakiwa lisemwe kama lilivyotokea, na siku lilipotokea, badala ya kugeuzwa kuwa sifa ya ukoo mzima.

Ameambiwa nini mpaka sasa?

Malalamiko mengine ya wazazi ni ya majibu yanayopingana. Daktari wa asubuhi amesema mtoto anaendelea vizuri. Muuguzi wa jioni amesema “tunamwombea”. Mwanafunzi wa usiku amesema huenda akahamishiwa Mbeya. Mama anabaki na watoto watatu kichwani, mmoja mzima, mmoja anayekufa, mmoja yuko njiani.

Mara nyingi hakuna aliyemdanganya. Kila mmoja alijibu kwa alichokijua, bila kujua mwenzake alishasema nini. Ripoti ya zamu ilieleza hali ya mtoto, haikueleza kwamba saa 8 mchana daktari alimketisha mama na kumwambia kwamba mapafu hayajakomaa na siku 3 zijazo ndizo za kuangalia. Hiyo ndiyo habari ya familia inayosahaulika kuliko zote, na haina siri ndani yake hata kidogo.

Hospitali nyingi duniani zimepanga jinsi ya kukabidhiana wagonjwa. Mpangilio mmoja maarufu, wa kueleza hali ilivyo, historia, tathmini na mapendekezo, ulitoka kwa wanajeshi wa nyambizi za nyuklia za Marekani kabla ya kuingia hospitalini. Mwingine, unaoitwa I-PASS, ulijaribiwa katika hospitali 9 za watoto za Marekani na Canada. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014: makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara ambayo yangeweza kuzuilika yalipungua kwa asilimia 30. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Watu walipanga tu namna ya kuambiana.

Hata hivyo, ukiichambua mipangilio hiyo utaona jambo moja. Kuna nafasi ya ukali wa ugonjwa, ya historia, ya kazi zilizobaki, ya tahadhari. Hakuna mstari wa familia: nani yupo, ameambiwa nini, ameelewa nini, anasubiri jibu gani. Wodi inayotaka mstari huo inabidi iuongeze yenyewe.

Na familia zinauhitaji. Mwaka 1979 muuguzi Mmarekani Nancy Molter aliwauliza ndugu 40 wa wagonjwa mahututi ni mambo gani waliyahitaji zaidi wakati ule. Lililokuwa juu kabisa ni kuona kwamba bado kuna tumaini, na karibu nalo lilikuwa kujibiwa maswali kwa ukweli. Wengine wangesema mambo hayo mawili yanagongana. Wazazi waliowahi kukaa nje ya mlango wa ICU wanajua kwamba yanakwenda pamoja. Tumaini linalotegemea uongo wa zamu moja huvunjwa na zamu inayofuata.

Siri za mama katika mji mdogo

Mpanda si Dar es Salaam. Muuguzi anayemhudumia mtoto wako anaweza kuwa jirani yako wa Makanyagio, mke wa mwalimu wa mtoto wako mkubwa, au mnaimba kwaya moja. Katika mji wa namna hiyo, siri ikitoka wodini haiendi mbali, na ubaya ni huohuo.

Mwache binti wa Mishamo awe na siri moja: aligundulika na virusi vya Ukimwi kliniki, mume hajui bado, mama mkwe hajui kabisa. Wauguzi wote watakaomshika mtoto wanahitaji kujua kuhusu dawa kinga. Mhudumu wa usafi hahitaji. Mlinzi hahitaji. Muuguzi wa wodi nyingine aliyepita kusalimia hahitaji. Na mama mkwe, aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye chati, haruhusiwi kulisikia kwa bahati mbaya kwa sababu tu ripoti imesomwa kwa sauti.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 imeweka usiri wa majibu ya kipimo kuwa wajibu wa mtoa huduma. Sheria hiyohiyo inamtaka anayejua kuwa ana maambukizi amjulishe mwenza wake, na hapo mshauri nasaha ndipo anapoingia, akamsaidia binti kusema mwenyewe kwa wakati na kwa usalama. Mama mkwe na wifi si mwenza.

Kuna pia umri. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote wakati huo; kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Maana yake ni kwamba “mama” katika wodi ya njiti mara nyingi ni msichana, na kila anayempita hujiona ana haki ya kuuliza nani alimpa mimba. Kama ni mtoto wa chini ya miaka 18, swali hilo lina watu wake: daktari anayemtibu, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi. Halina kazi kwenye ripoti ya saa 2 usiku. Linalohitajika pale ni kwamba ni mdogo, aelezwe taratibu, na asiachwe apewe habari nzito akiwa peke yake.

Simu zimeongeza mlango mwingine. Madaktari na wauguzi wengi wana magrupu ya WhatsApp ya kazi, na yana faida. Bingwa wa watoto aliye mbali anaweza kuona picha ya eksirei na kutoa ushauri usiku uleule. Lakini picha hiyo ikiwa na jina la mtoto, kijiji chake na maneno “mama ana VVU”, inakaa kwenye simu za watu wengi ambao hawamtibu, na kwenye simu ambayo kesho itachezewa na mtoto wa mwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na msingi wake ni kwamba taarifa itumike kwa lengo lililoifanya ichukuliwe. Kuomba ushauri wa matibabu ni lengo. Kumwonyesha shoga yako si lengo.

Wazazi nao wasijitoe. Ndugu wanaorekodi video wodini kumwonyesha baba aliye mbali huchukua na watoto wa watu wengine, na majina yaliyobandikwa juu yao.

Safari ya Mbeya

Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa Sh1.3 trilioni, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na sehemu yake ilikwenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na majengo ya dharura nchini. Wagonjwa ambao zamani wangehamishwa sasa wengi hutibiwa mikoani kwao. Bado wapo wanaolazimika kwenda hospitali ya kanda, na kutoka Mpanda kupitia Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 500.

Safari hiyo ndiyo makabidhiano magumu kuliko yote. Mama aliyefanyiwa upasuaji hawezi kukaa kwenye gari la wagonjwa umbali huo, kwa hiyo mara nyingine mtoto huondoka na shangazi. Karatasi ya rufaa inaeleza mapafu na moyo. Wauguzi wa Mbeya wanampokea mtoto akiwa na mwanamke ambaye hajui kundi la damu la mama, hajui dawa alizotumia akiwa mjamzito, na simu yake imezima chaji njiani. Yote ambayo wodi ya kwanza ilijifunza kwa wiki nzima kuhusu familia hii yanabaki Mpanda.

Anayemsindikiza mtoto aondoke na kadi ya kliniki ya mama, hata kama mama anabaki. Namba mbili za simu ziandikwe kwenye karatasi, zisitegemee simu. Mama aulizwe kabla gari halijawashwa, bila watu kusikia, ni mambo gani shangazi anaweza kuambiwa na yapi yaende kwa daktari pekee kwenye bahasha. Na muuguzi anayempeleka, akifika, aseme mambo matatu ya familia pamoja na ya matibabu: mama yuko wapi na hali yake, nani anafanya uamuzi, wameambiwa nini. Kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, usafiri wa m-mama unaitwa kwa namba 115, bila malipo, na wanaopiga mara nyingi ni ndugu au kituo cha afya kijijini. Kadi ya kliniki itafutwe hapohapo, kabla ya nguo na chupa ya chai.

Mzazi anaweza kusema nini

Wazazi wengi huona aibu kumwambia nesi chochote, wakihofia mtoto atalipiziwa. Hofu hiyo ipo, na kuidharau ni kutokuwa mkweli. Lakini kuna maneno ambayo hayamgombezi mtu na yanabadilisha ripoti.

La kwanza ni kuteua msemaji. Ukoo ukiwa na watu sita wanaopiga simu na kuuliza, wodi itatoa majibu sita au itaacha kujibu. Kaeni chini, mchague mmoja, na mwambie muuguzi: “Sista, anayepokea habari za mtoto ni mimi na baba yake. Wengine watauliza kwetu.” Omba iandikwe kwenye faili. Baba aliye machimboni ataje saa anazopatikana, nazo ziandikwe. Familia zetu zina baba mkubwa ambaye kwa desturi ndiye msemaji, na hakuna ubaya akiwa yeye, mradi mama ameridhia na anajua kipi kitasemwa mbele yake.

Kama una jambo la siri, liseme mapema, kwa mtu mmoja, na useme wazi kwamba ni siri. “Nesi, hili naomba wajue wanaomtibu mtoto tu. Mama mkwe wangu hajui.” Muuguzi asiyeambiwa hajui nini cha kushusha sauti. Ukihofia ripoti inasomwa mbele ya ndugu, omba ndugu watoke kidogo wakati wa zamu kubadilishana. Ni ombi la kawaida, na wauguzi wengi hulipenda.

Swali zuri la kumuuliza anayeingia zamu ni hili: “Mmeambiwa nini kuhusu mtoto wangu?” Mara nyingi yeye mwenyewe atagundua pengo na kurudi kwenye faili. Na mama anayekaa wodini siku nzima ni hazina kubwa. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, ndani ya wodi ya uangalizi maalumu, walipungukiwa vifo kwa asilimia 25 ukilinganisha na waliosubiri kwanza hali itulie. Kwa utaratibu huo mama yupo kila zamu inapobadilika. Yeye ndiye asiyekwenda nyumbani saa 2 usiku. Akiruhusiwa kusikiliza ripoti ya mtoto wake na kusahihisha, “hapana sista, alitapika mara mbili, si mara moja,” wodi imepata mtu wa kuhakiki bila kumlipa.

Siri ikivuja, au mtoto akipuuzwa kwa sababu ya maneno, anza na muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa hospitali. Juu yao kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Madaktari, na kwa taarifa zilizosambazwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika tarehe, zamu na maneno yaliyosemwa. Malalamiko ya “manesi wa pale wana roho mbaya” ni ndugu wa damu wa “wale wa kona wasumbufu”, na hayafanyiwi kazi.

Turudi kwa binti wa Mishamo, saa 2 usiku. Ripoti ya mtoto wake inaweza kusomwa hivi: “Mama ana miaka 18, anakamua vizuri, leo amepewa chakula kupitia ustawi wa jamii. Daktari alimweleza mchana kwamba mapafu hayajakomaa, ameelewa, ila anaogopa mashine inapolia. Baba anapatikana baada ya saa 12 jioni, namba iko kwenye faili. Bibi anaelewa Kirundi, mama wa kitanda cha 4 amekubali kumtafsiria mambo ya kawaida, ya matibabu asubuhi atatafutwa mtumishi. Kuna jambo moja la dawa, lipo kwenye chati, msilisome hapa.”

Haifiki nusu dakika. Kisha wanasogea kwa mtoto wa pili.